Vitabu kwa Futi Kamba

Muuza vitabu vikuukuu anayenunua kwa ajili ya mapambo huingia nyumba ya marehemu na futi kamba mkononi. Miwani hana haja nayo. Husimama mbele ya rafu, hunyoosha utepe kutoka ncha hii hadi ile, huandika idadi ya futi katika daftari, kisha hurudi nyuma hatua tatu ili atazame rangi. Hudhurungi ya ngozi ya ndama ina bei yake. Nyekundu na kijani za ngozi ya mbuzi zina bei yake. Kitambaa cheusi hakina bei. Vitabu vyenye mistari ya dhahabu na lebo mbili mgongoni hupanda daraja. Vile ambavyo kichwa cha mgongo kimenyofoka kwa kuvutwavutwa na vidole hushuka. Hapo ndipo penye kejeli ya kwanza ya biashara hii: dalili kwamba kitabu kilisomwa huhesabiwa kuwa kasoro, na kitabu ambacho hakijafunguliwa tangu kitoke kwa mjalidi ndicho bora.

Wala biashara hii haifanyiki kichochoroni. Uingereza na Marekani ina wateja wa heshima: hoteli, migahawa, ofisi za mawakili, wajenzi wanaotaka fleti ya maonyesho ionekane kana kwamba kuna mtu anaishi humo, na watengenezaji wa filamu wanaohitaji maktaba ya bwana mkubwa kwa siku mbili. Duka la Strand la New York lina huduma maalumu ya vitabu kwa futi, na mteja aweza kununua au kukodi. Wapambaji wa nyumba huagiza kwa rangi, futi kadhaa za buluu, futi kadhaa za rangi ya maziwa, kama mtu aagizaye kitambaa cha mapazia. Wapo hata wanaovigeuza vitabu, migongo ikatazama ukuta na kingo za karatasi zikatazama sebule, ili weupe wa karatasi ulandane na makochi. Kitabu kilichogeuzwa hivyo hata jina hakina tena.

Ufundi upo, na haufai kudharauliwa. Mnunuzi mzoefu hujua kwamba juzuu kumi na mbili zilizolingana urefu zina thamani kuliko ishirini za vimo mbalimbali. Hujua kwamba seti iliyopotelewa na juzuu ya nne haimkoseshi usingizi mpambaji, hivyo huinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa muuzaji anayehudumia wasomaji. Hujua ngozi iliyodabaghiwa vibaya katika karne ya 19, ambayo huoza ikawa unga mwekundu unaochafua viganja na mikono ya shati, naye huipita hata ikiwa na dhahabu. Hujua kubonyeza bawaba ya jalada kwa kidole gumba na kusikia kama inashika. Wengine huenda mbali zaidi: hupaka rangi ya viatu kwenye migongo iliyofifia na kuing'arisha kwa kitambaa, ukafanana na mpya kwa umbali wa mita mbili. Umbali huo watosha, kwa kuwa hakuna atakayesogea.

Lakini kanuni inayostahili kumkera msomaji wa Kiswahili kuliko zote ni ile ya lugha. Kitabu cha Kiingereza chenye jalada zuri kina hatari ya kuwa na msomaji, na msomaji hupandisha bei. Kwa sababu hiyo muuza mapambo hukimbilia vitabu vya Kidenmaki, Kiswidi, Kiholanzi na Kijerumani, vilivyojalidiwa vizuri kwa nusu ngozi, na ambavyo mteja wa London au Chicago hatavisoma kamwe. Bei ya kununulia ni ya chini, mwonekano ni ule ule. Katika rafu hiyo lugha imekoma kuwa chombo cha maana. Imekuwa msamaha wa kodi ya maana. Kutosomeka kumefanywa sifa, na kadiri lugha inavyokuwa ngeni ndivyo bidhaa inavyokuwa safi zaidi.

Wasemao kwamba malalamiko haya ni ya kale wanasema kweli. Seneca, katika karne ya kwanza, aliwakejeli matajiri wa Roma waliolimbikiza vitabu ili vipambe kumbi za kulia chakula. Lukiano, karne moja baadaye, alimwandikia waraka mzima mjinga mmoja aliyenunua vitabu vingi asivyovielewa. Charles Dickens aliagiza migongo ya uongo kwa ajili ya chumba chake cha kuandikia katika Tavistock House, akaipa majina ya mzaha, na bila shaka alicheka kila alipoifungua milango iliyofichwa nyuma yake. Tofauti ni kwamba Dickens alibandika mbao mahali pa vitabu, na kila aliyeingia alijua. Hakuchukua vitabu vya kweli akavifanya mbao.

Majivuno ya mnunuzi, basi, si jambo la kupigiwa kelele. Mtu anayetaka ukuta wa ngozi sebuleni kwake hamdhuru mtu, na Waswahili ndio wa mwisho wenye haki ya kumcheka. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, safu juu ya safu za vidaka vya chokaa ukutani, na ndani yake zilipangwa sahani na bakuli za Uchina ambazo nyingi hazikuliwa chakula. Zilipangwa zitazamwe, na mgeni azitazamapo aelewe yuko nyumbani kwa nani. Pambo ni lugha ya heshima pwani nzima, na misahafu iliyonakshiwa huko Siyu kwa wino mwekundu na mweusi ni ushahidi kwamba uzuri wa kitabu na maneno yake vyaweza kukaa pamoja bila ugomvi. Aliyeunakshi msahafu ule aliujua kila neno lake. Nakshi ilikuwa ni namna ya kusoma.

Mlaumiwa ni muuzaji. Yeye ndiye aliyepewa nafasi ambayo hakuna mwingine anayo: kusimama peke yake mbele ya rafu ambayo mwenyewe amekufa, kabla ya mtu yeyote kujua kilichomo. Akitoa futi kamba badala ya kufungua, hasara inayotokea haitajulikana kamwe, kwa sababu hakuna atakayejua kulikuwa na nini.

Watetezi wa biashara hii wana hoja moja nzito, nayo haina budi kujibiwa kwa haki. Wanasema: mapambo yanaokoa vitabu. Bila mpambaji, ngozi ile ingekwenda kinuni ikasagwa kuwa karatasi ya kufungia mayai. Kwa sehemu ni kweli. Ulimwengu una hotuba za makanisani za karne ya 19 kuliko utakavyopata wasikilizaji hadi kiama, na ripoti za mahakama zilizopitwa na sheria mara tatu, na juzuu moja moja za historia ambazo wenzake hawatapatikana. Vitabu hivyo vikipata kazi ya kupendezesha ukuta wa hoteli, heri yake. Hakuna mtu mwenye akili anayedai kila karatasi iliyopigwa chapa ihifadhiwe.

Ila hoja hiyo husimama ikiwa aliyechagua alijua anachokichagua. Kuokoa ni tendo la mtu aliyetazama. Asiyetazama hajaokoa chochote. Amehamisha mizigo, na katika mizigo hiyo baadhi imenusurika kwa bahati na baadhi imezikwa pahala pazuri.

Ichukuliwe ile rafu ya Kijerumani, inayouzwa kwa futi kwa sababu hakuna wa kuisoma. Kwa muda wa kizazi kimoja, tangu miaka ya 1880 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ilikuwa mahali ambapo Kiswahili kilichapwa kwa wingi na kwa umakini. C. G. Büttner alitoa mkusanyo wake wa fasihi ya Waswahili mjini Berlin mwaka 1894. Carl Velten alifuatia na masimulizi ya safari mwaka 1901, kisha mwaka 1903, mjini Göttingen, kikatoka Desturi za Wasuaheli, kitabu kizima cha Kiswahili ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha lugha yake na kufia huko mwaka 1927. Jina la mbele ni la Velten. Mchapishaji ni wa Göttingen. Muuzaji anayekagua kwa kutupia jicho ukurasa wa jina ataona mji wa Ujerumani, jina la Kijerumani, neno "Wasuaheli" ambalo halimwambii kitu, na atakirudisha mahali pake kati ya vitabu vya kilimo cha miti na historia ya Saksonia. Hakuna kinachomzuia. Mwaka 1886 Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Unguja na kujulikana Ulaya kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani katika juzuu mbili. Ni kitabu cha mwanamke wa Unguja anayesimulia jumba la Mtoni kwa kauli yake mwenyewe, na kwa futi kamba ni upana wa vidole vichache vya Kijerumani.

Hali si nzuri zaidi kwa herufi za Kiarabu. Sayyid Barghash alipoleta mtambo wa kupigia chapa Unguja, ulitoa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi ambavyo vilisafiri hadi Oman na kwingineko. Vingine viko hadi leo katika nyumba za watu, Maskati na nje ya Maskati, karibu na daftari za mkono ambamo babu aliandika kwa hati ile ile mambo mchanganyiko: deni la karafuu, tarehe ya kuzaliwa mtoto, dua, na pengine beti kadhaa za Kiswahili. Mpambaji wa Ulaya huona "Kiarabu", huona jalada lenye ulimi unaokunjwa juu ya kurasa, na hufurahi. Kwa mtu asiyezisoma herufi, Kiarabu cha fikihi na Kiswahili cha utenzi ni mchoro mmoja. Mkusanyaji wa hati hizo angejua baada ya mistari miwili.

Hata hivyo vitabu hivi vya Ujerumani na vya Unguja vina bahati moja: vina mgongo. Vina kitu cha kumvutia mwenye futi kamba, hata kama kwa sababu isiyo yao. Sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili haina hata hicho. Ilichapwa kwa karatasi laini, ikashonwa kwa pini mbili zinazoshika kutu, ikauzwa kwa senti chache, ikasomwa hadi ikachanika. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi ilianza kuchapwa kwa sehemu huko Magila, katika misheni, na ilingoja hadi mwaka 1962 kupata toleo la kueleweka kutoka Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, ni kijitabu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na ambamo washairi wa nchi nzima walijibizana, lilikuwa gazeti, na wenye maduka walijua matumizi mengine ya gazeti. Tungo za Muyaka wa Mombasa zilifika kwa vizazi vya baadaye kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikumbuka na kuziandika kwenye karatasi za kawaida, zikamfikia mmisionari W. E. Taylor. Diwani ilikuja kuchapwa mwaka 1940, Johannesburg, mbali na Mombasa. Katika njia yote hiyo hapakuwa na ngozi ya ndama hata kipande.

Mfano mmoja watosha kuonyesha mzani unavyoinama. Mwaka 1890 Henry Morton Stanley alitoa In Darkest Africa, juzuu mbili nene, jalada la kitambaa lililonakshiwa kwa dhahabu na wino mweusi. Ni kitabu ambacho wauza mapambo hukipenda: kina kimo, kina rangi, kina picha jaladani, na jina lake huleta harufu ya safari pasipo mtu kulazimika kusafiri. Katika habari zile yumo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye Stanley alimwendea Unguja kuomba wapagazi na ulinzi, na ambaye humo kitabuni anahukumiwa bila kuulizwa. Tippu Tip naye aliandika. Maisha yake, kwa Kiswahili chake, yalichapwa kwanza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakatolewa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1958–59 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Nyongeza ya jarida! Shauri moja, mashahidi wawili. Mmoja amevikwa dhahabu, mwingine ni kijalada cha karatasi kinachopotea kati ya vitabu viwili vinono. Mwenye futi kamba atamlipia Stanley na kumtupa Tippu Tip katika sanduku la makaratasi, na hatakuwa na habari kwamba ametoa hukumu katika kesi.

Msomaji aweza kusema kwamba hilo ni kosa la mchapishaji wa zamani, si la muuzaji wa leo. Ndiyo, na ndiyo maana ya hoja yenyewe. Jalada ni hati ya malipo. Linasema nani alikuwa na fedha, nani alitarajiwa kununua, na katika mji gani. Stanley aliuziwa umma wa London na New York uliokuwa tayari kulipia mashujaa wake; Tippu Tip alichapwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Ngozi na dhahabu havikugawiwa kwa ubora wa maneno bali kwa ukaribu na hazina. Anayethamini kitabu kwa jalada anarudia mgawo ule neno kwa neno, na anaurudia akidhani hana upande, kwamba yeye ni mtu wa rangi na vimo tu. Mkakasi ukisifiwa kwa uzuri wake, angalau mithali hutaja kipande cha mti kilichomo. Katika biashara hii hakuna anayetaja cha ndani.

Kuna ukatili mwingine wa biashara hii ambao wengi hawauoni kwa kuwa matokeo yake hupendeza. Kitabu chenye picha nzuri au ramani, kikiwa na jalada bovu, mara nyingi kina faida zaidi kikichinjwa: ramani hutolewa na kutiwa fremu, picha moja moja, maandishi yakatupwa. The Lake Regions of Central Africa cha Richard Burton, cha mwaka 1860, ni windo la namna hiyo, kwa kuwa kina picha za rangi na ramani ya kukunjwa. Burton hakuwa rafiki wa watu aliowaandika, na kurasa zake zimejaa dharau ambayo mwanachuoni wa leo huisoma kwa meno yaliyofungwa. Lakini kurasa hizo ndizo zenye majina ya vituo vya njia ya msafara kutoka pwani hadi Ujiji, bidhaa zilizopita, malipo ya hongo, na maneno ya Kiswahili kama alivyoyasikia sikioni. Picha ikining'inia ukutani bila kurasa zake, kilichobaki ni mandhari ya mtu asiyejulikana katika nchi isiyojulikana. Dharau imehifadhiwa, ushahidi umetupwa.

Na yule asiyejali lugha, historia wala Afrika apewe hoja ya mwili wake. Tangu mwaka 2019 mradi wa jumba la makumbusho la Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware umekuwa ukichunguza vitabu vya karne ya 19 vilivyovalishwa kitambaa cha kijani kibichi cha kung'aa, na kukuta kwamba rangi ile katika vingi vyao imetengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu na hubaki mikononi mwa anayekishika. Mwaka 2024 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa iliondoa vitabu vinne mikononi mwa wasomaji kwa hofu hiyo hiyo. Kijani kile ndicho hasa mpambaji anachokiagiza. Muuzaji anayejua mwaka wa kitabu, mchapishaji wake na aina ya kitambaa ana nafasi ya kushtuka kabla hajakipeleka katika chumba cha mtoto. Muuzaji anayejua "kijani, futi mbili" hana. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Hapa hata mlango wenyewe haukukaguliwa.

Jibu la wauzaji kwa haya yote ni muda. Mtu anayenunua nyumba nzima ya vitabu asubuhi moja, na gari la kukodi linangoja nje, hawezi kukaa na kila kitabu kama mhakiki. Ni kweli hawezi, na hakuna anayemtaka asome. Anachotakiwa ni chini ya dakika moja: ukurasa wa jina, mwaka, mji, lugha, na karatasi ile tupu ya mbele ambapo watu huandika majina yao. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Jina la mwenye kitabu, muhuri wa shule ya misheni, tarehe ya zawadi, bei iliyoandikwa kwa rupia, maneno machache ya mume kwa mke, hayo huweza kukigeuza kitabu cha kawaida kuwa waraka wa pekee. Ngozi hainakili habari hizo nje. Dakika hiyo haimpotezei muuzaji fedha. Mara nyingine humletea, kwa sababu mnunuzi anayejua anachokitafuta hulipa zaidi ya mpambaji, ambaye kwake kitabu hiki na kile ni inchi moja na nusu.

Lawama isiwaishie wauzaji. Wanachuoni wa Kiswahili walioko ughaibuni, ambao wangeweza kuwa macho ya biashara hii, wamejikalia. Hulalamika kwenye makongamano kwamba matoleo ya zamani hayapatikani, kisha hupita mbele ya duka la vitabu vikuukuu bila kuingia, kwa kuwa wanajua dirishani kuna Stanley. Wakiingia, humnunua Stanley. Kwenye ofisi nyingi za idara za masomo ya Kiafrika rafu ya nyuma ya kiti cha profesa, ile inayoonekana kwenye kamera wakati wa mkutano wa mtandaoni, imepangwa kwa mantiki ile ile ya hoteli: migongo minene mbele, vijitabu vya karatasi kwenye droo. Si dhambi, lakini ni mwanzo mbaya kwa mtu anayetaka kumkemea mpambaji.

Familia nazo zina sehemu yao. Mzee aliyetoka Unguja au Mombasa miaka ya 1960 na kukaa Uingereza, Kanada au Oman alibeba vitabu vichache katika sanduku, na baadhi yake ni matoleo ambayo maktaba kubwa zingeyashukuru: Shaaban Robert aliyechapwa na Nelson, kamusi ya Madan ya mwaka 1903 iliyojaa maandishi pembeni, magazeti yaliyofungwa kwa kamba. Anapofariki, watoto wanaozungumza Kiswahili cha jikoni na kusoma Kiingereza hugawana mazulia na vikombe vya kahawa. Msahafu hupata heshima yake. Vijitabu hutiwa katika sanduku la karatasi na kupelekwa kwenye duka la hisani la mtaani, ambako anayepanga rafu hajui lugha ile ni ipi. Kutoka hapo njia ni mbili, kinuni au futi kamba, na kwa kuwa havina migongo, futi kamba haivitaki.

Jambo moja linawezekana bila fedha wala mradi. Muuzaji wa Hay-on-Wye au wa Cecil Court hana njia ya kujua kwamba "Suaheli", "Kisuaheli" na "Swaheli" ni neno moja, kwamba kijitabu chenye jina la Magila au Zanzibar chini ya ukurasa wa kwanza ni adimu kuliko ngozi yoyote iliyo juu yake, au kwamba herufi za Kiarabu zenye nukta tatu mahali zisipotarajiwa pengine si Kiarabu. Hayajui kwa sababu hakuna aliyemwambia. Karatasi moja, iliyochapwa pande mbili, yenye majina ya miji, ya wachapishaji, ya waandishi, namna jina la lugha lilivyoendelezwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na anwani ya mtu wa kupigiwa simu, ingekaa chini ya kaunta kando ya futi kamba. Wanaoweza kuiandika ni wasomaji wa majarida kama hili. Ni kazi ya Jumamosi mbili, na ya tatu ya kuzunguka madukani kuigawa.